Siku Bibi Tupokigwe Alipokwenda Mezani

Juma lililopita niliacha sufuria ya maziwa jikoni nikatoka kuanua nguo, maana wingu lilikuwa limeshatanda. Niliporudi maziwa yalikuwa yamefurika na kumwagikia jiko, na harufu ya maziwa yaliyoungua imejaa nyumba nzima. Binti yangu aliziba pua akakimbilia uani huku akilalamika. Mimi nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi, sikufuta chochote. Sikuwa tena Morogoro. Nilikuwa Suma, kule Rungwe, jikoni kwa bibi yangu, kwenye moshi wa kuni mbichi, ukungu wa asubuhi ukiingia mlangoni bila kupiga hodi, na bibi akinifokea kwa Kinyakyusa kwamba nimelala na macho wazi mpaka maziwa yamekimbia.

Naomba niwasimulieni habari za huyo bibi. Nimekaa nazo muda mrefu, na ninapozikumbuka kifua hunijaa fahari ambayo sijui niipeleke wapi.

Jina lake lilikuwa Tupokigwe. Alikuwa mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa walimu, kila wanapozoea mahali wanahamishwa, kwa hiyo walinipeleka kwa bibi nianze shule nikiwa nimetulia sehemu moja. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya barabara, migomba nyuma, shamba dogo la chai mbele, na zizi la ng'ombe ubavuni, karibu sana na dirisha la chumba nilicholala. Nilizoea kusinzia nikisikia ng'ombe akicheua. Mpaka leo nikilala hotelini kwenye ukimya mwingi, usingizi hunichelewa.

Bibi alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Zamani aliongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, na watu walisema kwaya za kutoka Kisiba na Nkunga zilipokuja kwenye mashindano zilikuwa zinauliza kwanza, "Yule mama yupo?" Mimi sikuwahi kumsikia akiimba kwaya. Nilipofika kwake alikuwa ameshaacha. Aliacha baada ya babu kufa.

Habari ya kifo cha babu kila mtu kijijini aliijua, na mimi niliisikia kidogo kidogo, kama watoto wanavyosikia mambo ya wakubwa, nikiwa najifanya nachambua maharage. Kulikuwa na kijana wa jirani aliyeitwa Ambakisye. Alikulia mlangoni kwa bibi, akila pale na kupigwa pale kama mtoto wa nyumba, na kwenye kwaya aliimba sauti ya nne, nyuma ya bibi. Alipokuwa mtu mzima akapata kazi ya kuendesha lori la kubeba majani mabichi ya chai. Asubuhi moja ya masika alishika usukani akiwa bado na pombe ya jana kichwani. Barabara ilikuwa tope tupu. Kwenye mteremko lori likamshinda, likatoka njiani, likamkuta babu pembeni akipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Babu hakufika hospitali. Waliokuwepo walisema maziwa yalitiririka mtaroni pamoja na maji ya mvua, meupe, mpaka darajani.

Ambakisye hakukimbia. Alikaa kwenye tope amepakata kichwa cha babu mpaka watu walipomwondoa. Mahakamani alikubali kila kitu, akafungwa. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Mama yake alikuwa jirani yetu wa tatu ukishuka bondeni, mjane kama bibi, na walikuwa wanateka maji kwenye chemchemi moja. Bibi akimwona ameinama pale, aliweka ndoo chini akasubiri nyuma ya mgomba mpaka aondoke. Sikuwahi kuwaona wakigombana. Laiti wangegombana.

Bibi hakuacha kanisa. Alikuwa wa kwanza kufika kila Jumapili, kitenge kimenyooka, amekaa benchi la pili upande wa wanawake, mimi pembeni yake. Lakini siku za Meza ya Bwana, watu walipoinuka kwenda mbele kupiga magoti na kupokea mkate na kikombe, yeye hakuinuka. Nilidhani ni mambo ya umri. Siku moja nilimuuliza. Akaniambia, "Nitakulaje, Tumpe, na jina la mtu limenikwama kooni?" Sikuelewa, nikadhani anaumwa koo.

Nilipokuwa darasa la tatu yalitokea mambo mawili. La kwanza, tuliletewa mchungaji mpya, kijana kutoka Sumbawanga, Mchungaji Simoni. Hakujua Kinyakyusa hata neno moja, na Kiswahili chake kilikwenda mbio kiasi kwamba wazee walikuwa wanatoka ibadani wanaulizana, "Amesemaje?" La pili, Ambakisye alirudi kutoka gerezani.

Alirudi amekonda, nywele zimeanza mvi, akaingia nyumbani kwa mama yake na kuanza kulima. Hakuwa na rafiki. Baada ya muda alikwenda mbele ya wazee wa kanisa, akatubu, akapokelewa tena kundini kwa utaratibu wetu. Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, peke yake. Benchi lile lingeweza kuchukua watu wengi, na watu walibanana kwenye mengine ilhali kulikuwa na nafasi pale. Na siku ya Meza, ingawa aliruhusiwa, hakuinuka.

Hebu oneni picha ile, maana niliiona kwa macho yangu. Kanisa zima linakwenda mbele, mabenchi yanabaki wazi, na watu wawili tu wamekaa. Bibi yangu huku mbele, mgongo umenyooka kama ubao. Ambakisye kule nyuma, kichwa chini. Katikati yao mabenchi matupu. Mimi nilikuwa nageuka kumtazama, na bibi, bila kugeuza shingo, ananifinya paja.

Mchungaji Simoni alipenda sana kuhubiri juu ya siri. Alisema Injili ni siri ya Mungu, iliyokuwa imefichwa tangu kale, na watu wenye akili nyingi hawakuigundua, na sasa Mungu ameifunua kwa neema tu, hata kwa watu waliokuwa mbali. Wakubwa walisinzia. Mimi nilikaa macho kabisa. Mtoto ukimwambia kuna siri, na ya kale, na ilifichwa, umeshamharibia usingizi. Mimi na binamu yangu Atupele tuliamua kuitafuta. Jumamosi mama zetu wakubwa walipokwenda kufagia kanisa, tuliingia kwenye kile chumba kidogo mchungaji anamovalia joho. Tulifungua kabati. Tulikuta mishumaa, vitambaa vya meza, kinanda kilichokufa, na mjusi mkavu. Atupele alishauri huenda siri ni mjusi. Nilimkatalia, lakini sikuwa na hakika.

Nilimfuata mchungaji mwenyewe siku ya shule ya Jumapili. "Kama imefunuliwa," nikamwambia, "mbona sisi hatujaiona?"

Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alichuchumaa tukawa sawa kwa kimo. "Utaiona, Tumpe," akasema. "Ila usichoke bure kuitafuta kabatini. Utaonyeshwa."

Nikajua mama mkubwa amenisemea.

Jioni nilimsimulia bibi. Bibi, kama wazee wengi wa kwetu, alikuwa haiwezi ile herufi ya R. Kwake barabara ilikuwa balabala na siri ilikuwa sili. "Anasema Injili ni sili," akarudia huku akichochea kuni. Halafu mdomo ukamcheza kidogo, upande mmoja tu, kama mtu aliyejikwaa kwenye neno lake mwenyewe. "Basi mchungaji ananijua. Kweli mimi sili." Akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa na furaha hata kidogo, akanigeuzia mgongo. Nilicheka naye kwa kuwa lilikuwa neno la kuchekesha. Sikuona kwamba alikuwa anafuta macho, na kama niliona nilisingizia moshi.

Sasa nije kwenye siku ya ng'ombe.

Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Mwanana, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mwanana ndiye aliyetuvalisha na kutulisha. Ulikuwa mwezi wa baridi, ukungu umekaa mpaka mchana, na kulikuwa na msiba upande wa pili wa mto, kwa hiyo watu wazima karibu wote walikuwa huko. Bibi hakwenda kwa sababu Mwanana alikuwa anakaribia kuzaa. Uchungu ulimwanza asubuhi. Hadi saa sita ndama alikuwa hajatoka. Mguu mmoja ulikuwa umechungulia, wa pili hauonekani, na Mwanana alikuwa ameacha kusimama. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa ng'ombe, ya chini, kama mlango mzito unaoburuzwa.

Bibi alitoka zizini mikono imejaa damu. "Kimbia," akaniambia. "Lete mtu mwenye nguvu. Mtu yeyote!"

Nilikimbia. Nyumba ya kwanza, mlango umefungwa. Ya pili alikuwepo babu mmoja mwenye mguu mbovu, akaninyooshea mkono kuelekea msibani, na msiba ulikuwa mbali. Nikaendelea kushuka bondeni, na pale kwenye migomba nikamwona Ambakisye amesimama na panga, anapogoa majani makavu. Sikuwahi kuongea naye. Nilisimama nikihema.

"Ng'ombe anakufa," nikasema.

Alinitazama. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Bibi Tupokigwe."

Panga likashuka polepole mpaka likagusa ardhi. "Nani amekutuma hapa?"

"Bibi. Amesema nilete mtu yeyote."

"Mtu yeyote," akasema, kana kwamba ni neno la lugha asiyoijua. Halafu akalichomeka panga kwenye shina la mgomba, akaanza kukimbia, na mimi nyuma yake sikumkuta tena mpaka nyumbani.

Nilimkuta amesimama nje ya uzio wa zizi. Hakuingia. Bibi alikuwa amepiga magoti kichwani kwa Mwanana, ameinua uso, wanatazamana. Najua ilikuwa muda mfupi, maana ng'ombe hakuwa na muda mrefu, lakini mimi niliona kama wanatazamana hivyo tangu asubuhi. Mwanana akalia tena.

"Ingia," bibi akasema.

Ambakisye aliomba sabuni na mafuta ya kupikia. Alinawa mpaka begani, akajipaka mafuta, akalala chini kwenye samadi na kuingiza mkono. Alifumba macho, mdomo wake unatembea bila sauti. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika ndani, na alikuwa anautafuta kwa vidole ili aunyooshe. Baridi ile yote, lakini jasho lilikuwa linamtiririka. Mwishowe akasema, "Nimeupata." Akafunga kamba laini kwenye miguu yote miwili. "Mama, peke yangu siwezi. Njoo nyuma yangu. Akisukuma, tuvute."

Bibi aliacha kichwa cha ng'ombe akaja kushika kamba nyuma ya Ambakisye. Mimi nikapewa kichwa. Kutoka pale niliwaona wote wawili, yule mwanaume na yule bibi, wameegemea nyuma kwa pamoja, wanavuta kamba moja, pumzi zao zinatoka moshi. Ndama alitoka ghafla, wakaanguka wote wawili chini.

Hakuwa anapumua. Ambakisye alimfuta pua, akachukua unyasi akamtekenya ndani ya tundu la pua, akampulizia, akamtekenya tena. Ndama akapiga chafya. Samahani kwa kusema hivi, lakini nimeimba na kwaya kubwa katika maisha yangu na sijasikia sauti nzuri kuliko chafya ile.

Bibi alichota maji kwenye beseni, akaniambia nimmiminie mgeni anawe. Hakummiminia mwenyewe. Ambakisye alinawa, akasema, "Asante, mama," akashuka zake bila kuomba hata maji ya kunywa. Bibi alimtazama mpaka migomba ilipomficha.

"Umeniletea nani?" akaniuliza baadaye.

"Ulisema mtu yeyote."

Akachukua beseni, akamwaga maji machafu chini ya mgomba.

Mngedhani mambo yaliisha pale. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilikata tamaa. Jumapili iliyofuata bibi alikaa benchi lake vilevile. Kwenye chemchemi alisubiri nyuma ya mgomba vilevile. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho kilinitia hofu: aliacha kunifokea. Maziwa yalikimbia na hakusema kitu. Usiku namsikia anageuka kitandani, anasema na Mungu kwa Kinyakyusa, na haikuwa sala ya mtu mwenye adabu. Alikuwa anabishana.

Ikaja Jumapili ya Meza. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha na kanisa lilikuwa linanuka nguo mbichi na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi ya mkaa. Kwaya ilianza kuimba, watu wakaanza kuinuka benchi kwa benchi. Benchi letu likainuka. Nikasogeza miguu kuwapisha kama kawaida.

Bibi akasimama.

Nilidhani anatoka nje. Watu wote walidhani hivyo, maana badala ya kwenda mbele aligeuka akaanza kutembea kuelekea mlangoni, kinyume na watu waliokuwa wanakuja, akiwapita mmoja mmoja, na wao wakimpisha. Nilimfuata kwa sababu sikujua la kufanya. Alifika benchi la mwisho akasimama.

"Ambakisye," akaita. Alisema kwa Kinyakyusa, lakini kanisa lilikuwa limeanza kunyamaza na kila mtu alisikia.

"Naam, mama."

"Simama. Twende tukale."

Alitikisa kichwa bila kukiinua. "Mama, mimi siwezi."

"Hata mimi siwezi," bibi akasema. "Twende."

Akamshika mkono. Ulikuwa mkono uleule uliomvuta ndama, mpana, wenye kovu, na bibi aliushika kama anavyonishika mimi tunapovuka barabara Tukuyu mjini, kwa nguvu, bila kuuliza kama unataka. Ambakisye akainuka. Walitembea katikati ya kanisa, na kwaya ikapotea kabisa. Wanawake wa sauti ya kwanza walisahau kuimba, akabaki mpiga kinanda peke yake akirudia kipande kilekile. Mama yake Ambakisye alikuwa ameshapiga magoti mbele. Alipogeuka akawaona, alijiziba mdomo kwa khanga. Bibi alipiga magoti pembeni yake, Ambakisye upande wa pili. Mchungaji Simoni alifika kwao na mkate, akasimama. Ilibidi mzee wa kanisa amguse kiwiko ndipo aendelee.

Mimi sikuruhusiwa kula, nilikuwa mtoto. Nilisimama nyuma yao nikiangalia nyayo za bibi, zenye nyufa na tope la Suma, zikiwa zimepinduka juu kwa sababu amepiga magoti. Nikajua nimeonyeshwa. Sikujua ni nini, na mngeniuliza ningeshindwa kusema, lakini nilijua ni ile niliyokuwa naitafuta kabatini.

Tulipotoka nilitembea mbele yake kichwa juu kama mtoto wa mkuu wa wilaya. Nilitaka kila mtu ajue kwamba mwenye bibi ni mimi.

Kijiji kilikuwa na maelezo yake. Walisema bibi amelipa fadhila ya ndama. Maneno hayo yalimfikia akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Fadhila ya ndama ningeilipa kwa maziwa!" akawaambia wanawake pale chemchemini, ndoo mkononi, mama yake Ambakisye amesimama hapohapo. "Mume wangu bei yake ni ndama? Nani amewaambia ninyi tunafanya biashara?"

Baba yangu naye alisikia huko Ileje alikokuwa anafundisha, akaja kwa hasira. Alikataa hata kukaa. "Mama, umemsahau baba?"

"Sijamsahau," bibi akajibu. "Ningekuwa nimemsahau, ningehitaji ipyana ya nini?"

Ipyana ndilo neno la kwetu la neema. Kwa bibi, neema ya Kiswahili ilikuwa mvua nzuri na migomba yenye mikungu mizito. Hii nyingine aliita ipyana, na alilitamka polepole. Baba alitoka nje akakaa juu ya gogo mpaka giza. Hakupeana mkono na Ambakisye safari ile. Alimpa miaka baadaye, na hiyo ni habari yake, aisimulie mwenyewe.

Bibi alirudi kwenye kwaya. Sauti ilikuwa imezeeka, inakatika juu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ambakisye aliimba nyuma yake. Watu walianza kukaa benchi la mwisho, kwanza vijana, halafu hata wazee, mpaka likajaa kama mengine.

Nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa najiona nimeshajua dunia, nilimuuliza waziwazi. Tulikuwa tunamenya ndizi za mbalaga, zile za kupika. "Bibi, ni nini kilikubadilisha? Ni mahubiri? Ni siku ya ndama?"

Alifikiri huku kisu kikiendelea. "Siku ya ndama nilimchukia zaidi," akasema. "Nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba mikono ile ni ya kuua. Halafu nikaiona ikifanya kazi nzuri, nikamkasirikia Mungu kwa kunionyesha. Niligombana naye siku nyingi." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Halafu asubuhi moja nilikuwa nakamua. Nilikuwa sisali, nafikiria tu kwamba ndoo ina tundu. Nikasikia koo limefunguka. Nikalitaja lile jina kwa sauti, nione kama litauma. Halikuuma. Nilimwogopesha ng'ombe kwa kulia."

"Basi uliamua kumsamehe."

"Wewe mtoto umesoma bure?" Akanielekezea kisu chenye utomvu. "Kuamua nilishaamua mara nyingi, ikashindikana. Ile nilipewa. Nilifunguliwa mlango ambao sikujua upo, nikaona ndani wameshakaa watu, na Ambakisye yumo, na mimi bado niko nje nimekunja mikono. Ungekuwa wewe ungebaki nje?"

Nimesoma vitabu kadhaa vya dini tangu siku hiyo, na nimewasikia wahubiri wanaojua kueleza siri ya Injili vipande kwa vipande. Nawaheshimu. Lakini mimi niliielewa kwa kuchelewa sana, nikiwa mke wa mtu, siku niliyoshindwa kumsamehe mtu fulani na kugundua kwamba nguvu niliyomsifia bibi yangu miaka yote mimi sina. Nikamkumbuka yeye na lile jibu lake la "hata mimi siwezi", nikaona nilikuwa nimeisoma siku ile kinyume. Nilikuwa na fahari kwa sababu nilidhani bibi yangu mkubwa, mwenye moyo mpana, alishuka kumwinua mtu mdogo. Kumbe pale mbele walikuwa wamepiga magoti watu wawili wenye njaa, na yeye alijua kwamba ni wawili.

Fahari yangu haikupungua, imeongezeka. Sijivuni tena kwamba alikuwa mwema kuliko wengine. Najivuna kwamba alipoonyeshwa hakugeuza uso, na kwamba aliinuka na magoti yake mabovu, akatembea kuelekea mlangoni mbele ya watu wote, kwa sababu hakutaka kula kabla yule mwingine hajafika.